Jua, Mboga na Macho ya Mtoto

Jua linatoa mwangaza tunaouona na mionzi tusiyoiona. Sehemu ya mionzi hiyo inaitwa ultravioleti. Ndiyo inayounguza ngozi ya mtu.

Beni na Butembo ziko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la saa sita ni kali mwaka mzima. Beni iko karibu meta 1.100 juu ya bahari. Butembo inapita meta 1.700. Ukipanda meta 1.000, mionzi inaongezeka karibu sehemu 10 katika 100. Basi baridi ya Butembo isikudanganye.

Je, mimea inavumilia namna gani? Jani lililo hai linatengeneza ndani ya ngozi yake kitu cha kuzuia mionzi, kama mwavuli. Mche wa kabeji uliokua kivulini haujapata mwavuli huo wa kutosha. Ukiutoa ghafula juani, majani yanaungua. Uzoeshe pole pole.

Lakini mboga ikisha kuchumwa, haiwezi tena kujikinga vizuri. Jua na hewa vinaharibu vitamini A iliyo ndani ya lengalenga, sombe na matembele. Mafuta ya ngazi nayo, rangi yake nyekundu ndiyo vitamini A. Yakikaa juani ndani ya chupa nyeupe, inapotea.

Mtoto akikosa vitamini A, anaanza kutoona jioni. Anajikwaa giza likiingia. Asipotunzwa, jicho linakauka, linapata kidonda, na anaweza kuwa kipofu. Surua na kuhara pia vinamlemea zaidi.

Fanya hivi:

1. Nunua mboga iliyokaa kivulini, uipike siku ile ile.
2. Ukitaka kukausha mboga, ianike kivulini penye upepo. Muhogo mweupe uanike juani bila hofu. Hauna vitamini A ya kupoteza.
3. Weka mafuta ya ngazi mahali pa giza, chupa ifungwe. Usiyachome mpaka yageuke meupe.
4. Tia kijiko cha mafuta hayo katika mboga ya mtoto aliyeanza kula. Mwili utapokea vitamini vizuri.
5. Tangu miezi 6 mpaka miezi 59, mlete mtoto apewe vitamini A kila miezi 6.

Mtoto wako anajikwaa jioni? Usingoje siku ya kupima kilo. Mlete kituoni leo.