Siku nne za mafunzo: kutoka Songea hadi mwambao wa Ziwa Nyasa

KATIKA nchi ya Ureno ipo biashara iliyoshamiri ya kuwatembeza wageni kwa siku kadhaa mfululizo. Mwongozaji huwapokea katika mji wa Lisbon, akawaonyesha makanisa na ngome, kisha akawapandisha basi kuelekea Coimbra, Porto na bonde la mto Douro, ambako milima imechongwa ngazi kwa ngazi na kupandwa mizabibu. Bonde hilo liliwekewa mipaka rasmi ya kilimo cha zabibu tangu mwaka 1756, na mwaka 2001 likaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Msomaji Muislamu anaweza kuuliza: sisi na mizabibu ya mvinyo tuna uhusiano gani? Swali hilo ni la haki. Lakini tukiuacha mvinyo kwa wenyewe, linabaki jambo kubwa la kuzingatia. Wareno wameichukua ardhi yao, wakaipanga historia yake kwa siku, wakaweka kituo baada ya kituo, na mgeni akimaliza safari anarudi kwao akijua wao ni nani. Je, sisi watoto wetu wanaijua nchi yao kwa kiasi hicho?

Tena lipo jambo la pili. Katika Lisbon, wageni husimamishwa mbele ya kaburi la Vasco da Gama, ndani ya jengo la Jerónimos lililoanza kujengwa mwaka 1501 kwa utajiri wa biashara ya viungo vya Mashariki. Sisi watu wa pwani tunamfahamu bwana huyo kwa sura nyingine. Alipita hapa mwaka 1498, akarudi mwaka 1502 akailazimisha Kilwa kulipa kodi, na mwaka 1505 mwenzake, Francisco de Almeida, akaiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Kusini mwa nchi hiyo hiyo liko jimbo la Algarve, jina lililotokana na neno la Kiarabu al-Gharb, yaani magharibi, kwa kuwa Waislamu walitawala huko kwa karne tano hadi mwaka 1249. Katika mji wa Mértola lipo kanisa ambalo zamani lilikuwa msikiti, na mihrabu yake ingali inaonekana. Mwongozaji mwaminifu huyataja yote hayo, na asiye mwaminifu huchagua yanayompendeza.

Basi makala haya yanapendekeza safari ya siku nne kwa familia, ndani ya mkoa wetu wa Ruvuma, kwa sharti moja: tuisimulie njia yote, yanayotupendeza na yasiyotupendeza.

Siku ya kwanza: Songea

Safari ianzie Songea mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi na kuendelea hadi mwaka 1907. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni mahali hapo, na hesabu inayokumbukwa kila mwaka ni watu 67. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye.

Watoto waambiwe kwamba katika vita hivyo Waislamu walikuwa pande zote mbili. Omari Kinjala ndiye anayetajwa kuwa aliileta dawa ya maji Ungoni, na kwa upande mwingine mfanyabiashara Rashid bin Masoud wa Kikole alisimama pamoja na Wajerumani. Jina la Kiislamu halikuwa kinga ya kukosea wala hati ya ushujaa. Mtu hupimwa kwa alilolitenda.

Waambiwe pia kwamba jambo hili halijawa la kale. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaonana na kizazi cha Nduna Songea na kuomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Familia hiyo inadai kurejeshewa fuvu la babu yao, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani. Kwa Muislamu aliyefundishwa kumsitiri na kumzika maiti kwa heshima, dai hilo halihitaji maelezo marefu.

Siku ya pili: milima ya Umatengo

Kutoka Songea hadi Mbinga ni mwendo wa takriban kilomita 100. Njiani iko Peramiho, kituo cha Wabenediktini kilichoanzishwa mwaka 1898, chenye hospitali inayotibu watu wa dini zote. Kadiri gari linavyosonga magharibi ndivyo milima inavyosimama, hadi mgeni anapoiona mandhari ambayo inaweza kuwekwa mbele ya bonde la Douro bila aibu.

Hayo ni mashamba ya ngoro. Katikati ya karne ya 19, Wangoni waliotoka kusini ya mbali waliingia nchi hii kwa mikuki, na Wamatengo wakajikusanya milimani. Wakajikuta wengi katika ardhi ndogo yenye miteremko mikali, ambako mvua ya msimu mmoja ingeweza kuuchukua udongo wote hadi bondeni. Jibu lao ni hili: mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hukatwa na kulazwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikizwa juu ya nyasi. Yanabaki mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta, mlima mzima ukaonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni badala ya kuporomoka, na nyasi zilizooza chini hugeuka mbolea.

Kwa desturi wanaume ndio hukata na kulaza nyasi, nao wanawake huchimba na kufukia. Kila mzazi anayemhimiza mwanawe kusoma awe mhandisi na ampeleke hapo kwanza. Wahandisi wa mashimo hayo hawakuwa na shule, bali walikuwa na njaa, adui na mlima, wakatumia akili waliyopewa na Mola wao.

Penye mizabibu ya Wareno, Mbinga ina mibuni. Kahawa ya arabika ilianza kulimwa katika milima hii katika miaka ya 1920, nacho Chama cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936, mwanzo kwa ajili ya tumbaku. Familia ikifika kati ya Juni na Septemba itayakuta mavuno. Matunda mekundu huchumwa kwa mkono moja moja, humenywa siku hiyo hiyo, buni zikalowekwa ili utelezi uondoke, zikaoshwa na kuanikwa juu ya vichanja. Mjini Mbinga kiko kiwanda cha kukobolea.

Hapa Muislamu yumo nyumbani. Neno kahawa ni la Kiarabu, na walioueneza unywaji wake katika karne ya 15 ni masufi wa Yemen, waliokuwa wakiinywa ili wasishikwe na usingizi katika nyiradi za usiku. Kila jioni, kutoka Lamu hadi Kilwa, wazee hukaa barazani na vikombe vidogo mkononi. Ni wachache wanaouliza kahawa hiyo imechumwa na nani, na aliyeichuma alilipwa nini. Mtoto aliyeuona mgongo wa mama wa Kimatengo ukiinama kati ya mibuni atakuwa na swali la kumuuliza babu yake barazani, na swali hilo ni sehemu ya uadilifu.

Siku ya tatu: Mbamba Bay

Kutoka Mbinga barabara ya lami yenye kilomita 66 hivi hushuka kwa makona hadi Mbamba Bay, makao ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ghafla ziwa linajitokeza, na watoto hunyamaza garini.

Nyasa ni ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika, lenye kina cha karibu mita 700 na aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Vitabu vya shule viliandika kwamba liligunduliwa na David Livingstone mwezi Septemba 1859. Kabla yake, mfanyabiashara Mreno wa Tete, Candido da Costa Cardoso, alisema alilifikia mwaka 1846. Na kabla ya hapo, mwaka 1616, Mreno mwingine aitwaye Gaspar Bocarro alitembea kwa miguu kutoka Tete hadi Kilwa akiwa na mzigo wa fedha ya madini, akauvuka mto Ruvuma. Lakini Bocarro hakufyeka pori. Alipita katika njia za watu, akivushwa kwa mitumbwi yao na kupewa viongozi na watawala wao. Aliyevushwa na mwenyeji hawezi kuitwa mgunduzi.

Njia hizo za kwenda Kilwa ndizo zilizouleta Uislamu ziwani. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alijenga makao Nkhotakota, ng'ambo ya pili ambayo leo ni Malawi, na majahazi yake yakawa yanavuka huku na huko. Kurani ilisomwa, Kiswahili kikaenea, Wayao wakasilimu kwa wingi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye mtihani wa sharti letu. Majahazi hayo hayo yalibeba watumwa. Watu wa ziwa hili walifungwa na kuswagwa kwa wiki nyingi hadi Kilwa Kivinje, na kutoka huko wakapelekwa Unguja. Waliokuwa wakiongoza misafara hiyo wengi wao walikuwa na majina kama yetu, na baadhi yao walisimama kuswali njiani, nyuma yao wakiwa wamefungwa watu huru waliotekwa kwa hila. Sheria ya dini yao wenyewe ilikwishamharamisha mtu huru asiuzwe. Seyyid Barghash wa Zanzibar alilifunga soko la watumwa mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara, ikiwemo ya nchi ya Nyasa na ya Wayao.

Wapo wanaotaka ukurasa huu urukwe kwa kuwa maadui wa Uislamu huutumia kututukana. Ni kweli wanautumia. Ni kweli pia kwamba Wareno, Wafaransa na wengineo walikuwa wanunuzi wakubwa. Lakini mtoto asiyeambiwa na baba yake ataambiwa na mwingine, tena kwa ulimi wenye chuki, na siku hiyo atamtilia shaka baba yake katika mengine yote. Ni bora ayasikie kwetu, pwani ya ziwa, kutoka kwa mzazi anayesema wazi kwamba dhulma ni dhulma hata mtendaji akiwa na kilemba.

Siku ya nne: Liuli

Kaskazini mwa Mbamba Bay ipo Liuli, yenye jiwe kubwa la Pomonda linalojitokeza majini. Wajerumani waliona linafanana na sanamu ya Misri, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Meli yao, Hermann von Wissmann, iliyopatikana katika miaka ya 1890 kwa michango ya kupiga vita biashara ya utumwa, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo tarehe 13 Agosti 1914. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaja na kuipiga mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa nahodha Mwingereza, Rhoades, na alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Hilo lilikuwa miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya majini ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nayo yalipiganwa na wageni mbele ya wavuvi wetu.

Liuli pia lipo kaburi la William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyeishi ziwani zaidi ya miaka 40 na kufariki mwaka 1928. Kulitazama kaburi la mtu wa dini nyingine hakumpunguzii Muislamu imani. Bali kunaweza kumfanya ajiulize: walimu wetu waliokuja kwa miguu kutoka Kilwa, wakasomesha watoto juzuu chini ya miembe, makaburi yao yako wapi, na nani ameandika majina yao? Wazee wanaojua wangalipo katika vijiji vya mwambao huu. Kijana mwenye daftari na adabu anaweza kuanza kazi hiyo siku hiyo hiyo.

Maandalizi ya familia

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, barabara za vijijini zikiwa kavu na shule zikiwa na likizo ya katikati ya mwaka. Watu wachukue nguo nzito kwa ajili ya baridi ya Mbinga. Ziwani, katika miezi hiyo upepo wa kusi unaoitwa mwera huvuma kwa nguvu, basi mtu asipande mtumbwi kabla ya kuwauliza wavuvi, na watoto wasioge pasipo ruhusa ya wenyeji, kwani mamba wapo.

Kuhusu swala, mwendo huu unazidi masafa ya kilomita 80 hivi ambayo wanazuoni wengi huyahesabu kuwa safari, hivyo mkaazi wa mbali anaweza kupunguza na kukusanya. Kwa madhehebu ya Shafi, aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili huswali swala timilifu, lakini anayelala mji huu leo na ule kesho hubaki na hukumu ya msafiri. Chakula hakina taabu: mbasa na dagaa wa Nyasa ni halali bila kuchinjwa, na nyama mtu aulize kabla ya kuagiza.

Gharama ya safari hii ni sehemu ndogo sana ya nauli ya kwenda Lisbon, na si lazima iende familia moja. Madrasa au jumuiya ya msikiti inaweza kukodi basi dogo na kugawana gharama, na kumchukua mwenyeji awe mwongozaji kwa malipo ya haki. Kurani imetuamrisha mara kadhaa kutembea katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Waliotangulia hao wako Songea, wako Mbinga, wako Liuli, na baadhi yao ni babu zetu.

Wabillahi tawfiq.