Kwa nini mguu bandia unauma?

Mtu aliyekatwa mguu chini ya goti hupokea mguu bandia kwa furaha. Baada ya miezi michache unamwona tena kwenye magongo, na mguu umetundikwa ukutani. Ukimuuliza, atasema, "Unaniumiza." Mara nyingi tatizo liko kwenye soketi, yaani sehemu iliyo kama kikombe ambamo kigutu huingia.

Nyama si ubao

Ngozi ya unyayo imezoea kubeba uzito, lakini ya kigutu haijazoea. Ngozi, mafuta na misuli hubonyea na kuteleza juu ya mfupa. Uzito ukikusanyika mahali padogo, damu haipiti vizuri, ngozi huchubuka na kidonda hutokea.

Wapi pabebe uzito?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, walibuni soketi inayobeba uzito hasa kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti. Kwa hiyo fundi akichukua umbo la kigutu kwa plasta, hulirekebisha:

- Penye kustahimili, kama kwenye kano hiyo, hupunguza plasta ili soketi ibane.
- Penye maumivu, kama ukingo wa ugoko na ncha ya mfupa, huongeza plasta ili pabaki nafasi.

Kompyuta inasaidiaje?

Watafiti hupiga picha za ndani ya kigutu, kisha kompyuta hukigawa katika vipande vidogo maelfu. Kila kipande hupewa ugumu wake: mfupa, msuli au ngozi. Kompyuta hukadiria shinikizo litakuwa wapi kabla soketi haijatengenezwa. Hata hivyo, nyama ya mtu mmoja si sawa na ya mwingine, na kigutu hubadilika ukubwa hata ndani ya siku moja. Kwa hiyo mkono wa fundi na maneno ya mgonjwa bado vinahitajika. Chuo cha TATCOT mjini Moshi, Tanzania, kilichoanzishwa 1981, kinafundisha mafundi wa kazi hiyo.

Ndugu msomaji, ukitumia mguu bandia:

- Vua na ukague ngozi kila jioni. Tumia kioo kuona nyuma.
- Wekundu usiopotea baada ya dakika 10 hivi ni dalili ya shinikizo kubwa.
- Kigutu kikipungua na soketi ikilegea, ongeza soksi.
- Ukiona kidonda, acha kuuvaa na umrudie fundi. Usichonge soketi mwenyewe.

Usione aibu kurudi mara kwa mara. Soketi hurekebishwa, na kigutu kikibadilika sana hutengenezwa nyingine.