Kijani cha simu si kijani cha karatasi

Msimu wa harusi ukifika, mizozo ya kadi nayo hufuata. Bibi harusi amechagua kijani kinachong'aa, ndugu yake kaichora kadi kwa kompyuta, na nyumba nzima imeiona kwenye simu ikaipenda. Kadi zikitoka kwa mpiga chapa, kijani kimefifia, kama kimetiwa vumbi. Mwenye duka huambiwa ametia maji kwenye wino. Pesa zishalipwa, na harusi ni Ijumaa ijayo.

Mara nyingi mwenye duka hana kosa. Tatizo lilikuwemo kwenye faili kabla haijamfikia.

Simu na kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga. Ndani ya kioo mna vitaa vidogo sana vya nyekundu, kijani na bluu. Vikiwaka vyote kwa nguvu, jicho huona nyeupe. Vikizimwa, huona giza. Huo ndio mpangilio wa RGB. Karatasi haina taa. Mwanga wake ni ule weupe wake, na kazi ya wino ni kuupunguza. Mashine nyingi hutumia wino wa aina nne: sayani, ambayo ni buluu ya maji ya bahari, majenta, manjano na nyeusi. Huu ni mpangilio wa CMYK, na kadiri unavyoongeza wino ndivyo rangi inavyozidi kuwa nzito.

Kwa hivyo kuna rangi ambazo kioo kinaziweza na wino hauziwezi. Kijani cha kung'aa, bluu kali na rangi ya chungwa iliyowaka ndizo zinazoumia zaidi. Hata ukimlipa fundi mara mbili, hazimo katika wino wake. Kahawia na damu ya mzee hupita bila taabu kubwa.

Dawa ni kuanza kazi katika CMYK tangu ukurasa ukiwa mtupu, ili rangi utakayoiona ikaribie ile utakayoipata. Photoshop inakuruhusu kuchagua hivyo unapofungua faili mpya. Canva, wanayoipenda vijana wetu, hutoa PDF ya CMYK kwa wanaolipia. Asiyetaka kulipa ajaribu Scribus, ni ya bure. Lakini muulize mpiga chapa kwanza: baadhi ya mashine za kidijitali, hasa za mabango makubwa, hupendelea RGB na kugeuza zenyewe. Na ukigeuza faili, weka kando nakala ya awali, kwani rangi iliyopotea hairudi kwa kuigeuza tena RGB.

Maandishi meusi yataka uangalifu wa pekee. Yawe ya wino mweusi peke yake, asilimia 100, na nyingine tatu sufuri. Nyeusi iliyochanganywa na wino zote nne hutaka kila wino uangukie pale pale; ukisogea kidogo tu, herufi hupata kivuli. Kadi zetu huanza na Bismillahi, na nukta na irabu za Kiarabu ndizo za kwanza kuharibika.

Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, na rangi ya nyuma ipite ukingo kwa milimita 3 ili kisu kisiache mstari mweupe. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha, kwani picha hubanwa ikapoteza ubora.

Anayetaka kijani kile kile hasa aulizie wino uliochanganywa maalumu kwa rangi hiyo, kama wa Pantone. Gharama itapanda. Asiyeuweza aombe kadi moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika, kwani karatasi isiyo na mng'aro hunywa wino na kufifisha rangi. Kisha atoke nayo nje aitazame juani, si chini ya taa ya dukani, kabla hajasema chapa zote.