Betri ya Kufungiwa au Betri ya Kuchomoa?

Osborne 1, iliyotolewa nchini Marekani mwaka 1981, iliuzwa kwa sifa ya kuwa kompyuta ya kubebeka. Uzito wake ulikaribia kilo 11, na ndani yake hamkuwa na betri. Ilipofikishwa mahali, ilibidi itafutiwe soketi ya umeme. Epson HX-20 ya Japani, iliyoingia sokoni mwaka 1982, haikufikia kilo mbili, ilitosha juu ya karatasi ya kawaida ya kuandikia, na ilikuwa na betri yake yenyewe. Tangu hapo kompyuta mpakato na betri haziachani. Linalobishaniwa ni mahali pa kuiweka betri hiyo.

Kwa miaka mingi betri ilikuwa kijisanduku kilichochomekwa chini ya kompyuta, ambacho yeyote aliweza kukichomoa kwa vidole. MacBook Air ya mwaka 2008 ilifungiwa betri ndani, na watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo. Sababu wanayoitoa ni ya kweli: kijisanduku huhitaji kuta ngumu na vifungio vyake, na vitu hivyo vikiondolewa, nafasi hubaki kwa seli nyingine au mashine huwa nyembamba.

Lakini betri huzeeka kabla ya kompyuta. Katika betri ya lithiamu, ioni husafiri kutoka ncha hasi kwenda ncha chanya wakati wa matumizi, na hurudi wakati wa kuchaji. Ncha hasi kwa kawaida ni ya grafiti, ileile iliyomo katika kalamu za risasi. Juu ya grafiti hiyo huota utando mwembamba, na katika kila safari ioni chache hunaswa humo, zisiweze kusafiri tena. Joto huharakisha unasaji huo. Kadhalika kuiacha betri imejaa siku zote.

Hasara yake huonekana kwa hesabu ndogo. Betri ya wati-saa 50 ikiendesha kompyuta itumiayo wati 10 hudumu saa 5, yaani vipindi saba vya dakika 40 na ziada. Uwezo wake ukishuka hadi asilimia 40, hubaki saa 2: vipindi vitatu tu.

Hapo ndipo shule isiyo na umeme wa uhakika huona tofauti. Yenye kompyuta za betri ya kuchomoa huweza kuchaji betri moja huku nyingine ikifundishia, na betri ikifa mwalimu huibadilisha mwenyewe. Kompyuta hiyo huweza hata kutumika bila betri, kwa waya wa umeme peke yake, ingawa umeme ukikatika kwa sekunde moja kazi isiyohifadhiwa hupotea.

Hata hivyo, si kila betri ya ndani ni kifungo cha maisha. Nyingine hushikwa kwa skrubu chache, na fundi mwenye bisibisi huitoa kwa dakika chache. Nyingine zimegandishwa kwa gundi, na kuzibandua ni kazi ya hatari. Mnunuzi amwulize muuzaji swali hilo kabla ya kuuliza unene wa mashine. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2023, uliweka Februari 2027 kuwa mwanzo wa sharti kwamba betri za vifaa vya kubebeka, isipokuwa vichache, ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe.

Betri ya akiba nayo huzeeka kabatini, hivyo si busara kununua nyingi kwa mara moja. Ihifadhiwe mahali pa baridi, ikiwa imechajiwa nusu. Iliyovimba, iwe ya ndani au ya kuchomoa, isichajiwe, isibonyezwe wala isitobolewe. Gesi imekwisha kujikusanya ndani yake, na huweza kuwaka moto.