Maji ya Sukari Mindo

Alfajiri pale Mindo, mji mdogo wa Ekuador uliojificha msituni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Quito, mama mwenye nyumba ya wageni keshainjika sufuria. Vikombe vinne vya maji, kimoja cha sukari nyeupe. Asali hatii, kwani huchacha upesi. Rangi pia hatii. Wekundu wa chupa za kunyweshea ndege unatosha. Chupa za jana anazisugua kwa brashi nyembamba na maji ya moto mpaka koga lote litoke, ndipo anazijaza na kuzitundika barazani. Wenyewe huziita bebedero.

Kabla hatujamaliza kahawa, ndege waitwao kolibri wamefika. Unawasikia kwanza, mvumo kama wa nyuki mkubwa nyuma ya sikio. Sisi tuna chozi, na wengi hudhani ni ndugu yao. Si ndugu. Kolibri ni wa mabara ya Amerika tu. Chozi wetu aghalabu hutua kwenye kijiti, akainamia ua. Kolibri husimama hewani, akanywa, akarudi kinyumenyume.

Nao watazamaji wa ndege wana mila zao. Nguo ni za kijani iliyofifia au kahawia, sauti ni ya chini, na upande hutajwa kwa mishale ya saa. Hapo Mswahili ana kazi. Mwongoza wageni akisema saa tatu, anamaanisha kulia; saa tatu yangu mshale unaelekea kushoto. Nilikosa ndege wawili kwa hesabu hiyo. Usiku, baada ya chakula, orodha husomwa jina kwa jina kama mahudhurio ya darasani, kila mtu akitia alama. Uliyemsikia tu huandikwa kivyake, na kudai ndege ambaye hukumwona ni aibu.

Meza ya wapiga picha ina sheria nyingine. Ua moja limekatwa bustanini na kubanwa kwenye fimbo, ndani yake limedondoshewa maji ya sukari kwa bomba la sindano. Nyuma kuna ubao uliochapishwa picha ya msitu. Chupa zote zimeondolewa kwa muda, ndege asiwe na pengine pa kwenda. Flashi nne zinamulika kwa kitambo kifupi mno, na bawa lililokuwa kivuli tu machoni linatoka limetulia, unyoya kwa unyoya. Picha nazipenda. Ila sijamwona anayerudi kwao na picha ya ule ubao.

Jioni ndipo chupa hugombaniwa hasa. Usiku wa milimani ni baridi, na kolibri wengi huuacha mwili upoe na moyo upige polepole ili akiba ifike asubuhi. Kwa hiyo mama haziondoi mapema. Giza likishaingia anaziacha palepale, na popo wanaokunywa nekta wanakuja kumalizia kilichobaki.