LULU, MTOTO ALIYEKULIA MACHONI PA WATU

Wengi wenu mnamjua Lulu. Hata katika vijiji ambavyo nguzo za umeme zimefika juzi tu, jina lake lilitangulia kufika. Watoto walilisikia kwenye kibanda umiza, walipokuwa wamebanana juu ya mabenchi mbele ya televisheni moja iliyoendeshwa kwa jenereta. Akina mama walilisikia kwa watoto. Na akina baba, ambao husema kwamba wao hawana nafasi ya kutazama michezo ya kuigiza, walilisikia kwa akina mama, kisha wakauliza, "Na baadaye ikawaje?"

Jina lake hasa ni Elizabeth Michael. Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1995. Tarehe hiyo nawaomba muishike vema, kwa sababu habari yote ninayotaka kuwasimulieni inaizunguka.

TELEVISHENI YAINGIA BARA

Vijana wa leo hudhani kwamba televisheni imekuwapo siku zote. Sivyo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku Bara serikali ya wakati ule iliona kuwa ni anasa isiyopasa nchi maskini, na watu wakaendelea kukaa jioni penye redio, wakisikiliza michezo ya Radio Tanzania. Televisheni ilifika Bara mwaka 1994, na ITV ilikuwa mojawapo ya vituo vya kwanza.

Basi kituo cha televisheni ni kama tumbo: lazima kilishwe kila siku. Picha za kigeni zilikuwapo tele, lakini watu walitaka kuona nyumba kama zao, ugomvi wa mawifi kama wa kwao, mganga kama yule wanayemjua wao, na wote waseme Kiswahili. Ndipo vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vikapata mlango. Kimoja kilichopendwa sana kiliitwa Kaole. Saa ya mchezo wao ilipofika, mitaa ya Ilala, Buguruni na Vingunguti ilipungua kelele, na mwenye televisheni alijikuta ana wageni asiowaalika, wengine wamesimama nje ya dirisha.

Wasanii wa vikundi hivyo mara nyingi hawakuwa na maneno yaliyoandikwa. Kiongozi aliwaeleza kisa: wewe ndiwe mume, wewe ndiwe mama mkwe, huyu amekuja kudai fedha zake. Mengine yote mwigizaji aliyatoa kichwani mwake mwenyewe. Kazi hiyo yataka akili nyepesi na ulimi mwepesi. Katika watu wazima hao akaingia mtoto wa kike wa miaka kama 5. Huyo ndiye Lulu.

Fikirini, wazazi. Mtoto wa umri huo, ambaye pengine barua ya babu hajaweza kuisoma, anasimama mbele ya kamera na kulia machozi ya kweli kwa msiba usio wa kweli. Watu walimpenda mara moja. Wengine husema mtoto wa namna hiyo amezaliwa nacho kipaji, nami sibishi. Lakini mtoto huyo huyo asubuhi huvaa sare na kwenda shule, na njiani watu wazima asiowajua humwita kwa jina kana kwamba ni wa kwao.

BIASHARA YA KARIAKOO

Miaka ikapita. Baada ya mwaka 2000 wasanii wengi walianza kuacha vikundi vya televisheni na kutengeneza filamu za kuuza, kwanza katika kanda, kisha katika sidii. Soko lake kubwa lilikuwa Kariakoo. Msomaji uliyefika huko katika miaka hiyo utakumbuka: vibanda vimejaa majalada yenye sura za wasanii, spika zinapigana kelele, wamachinga wamebeba filamu mikononi kama wabebavyo soksi. Kutoka Kariakoo sidii zilipakiwa katika mabasi pamoja na khanga na masufuria, zikafika Songea, Sumbawanga, Bukoba, hata Lubumbashi.

Wenye kupata faida hasa walikuwa nani? Msanii alilalamika kwamba aliuza filamu yake kwa msambazaji kwa bei ya mara moja, na haki zote zikaenda huko. Msambazaji naye alilalamika kwamba wezi walizidurufu usiku na kuziuza asubuhi. Mwaka 2013 serikali ilianza kuweka stempu za kodi juu ya sidii ili halali ijulikane. Malalamiko hayakwisha.

Sura ya Lulu ilikuwa juu ya majalada hayo. Mtoto wa Kaole sasa alikuwa msichana, tena mzuri wa sura, naye akapewa sehemu za wapenzi na wachumba. Magazeti ya udaku yakamwandika kila wiki: alivyovaa, alikoonekana usiku, na alikuwa na nani. Tulisoma, tukacheka, tukatikisa kichwa. Wako waliomwita mkosefu wa adabu. Lakini katika makelele yote hayo swali moja dogo halikuulizwa na wengi: huyu ana miaka mingapi?

USIKU WA IJUMAA KUU

Katika Kaole alipita kijana mwingine, Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, aliyejiunga mwaka 2002. Hakuna mwigizaji wa filamu wa nchi yetu aliyepata kupendwa kuliko yeye. Alivuka mipaka akaigiza pamoja na Wanijeria katika "Dar 2 Lagos", na kwa ajili yake watu wengi wa nchi jirani walijua kwamba Tanzania nayo ina filamu.

Mwaka 2012 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 6 Aprili. Usiku ule, kuamkia Jumamosi Kuu, Kanumba alikuwa nyumbani kwake Sinza, naye Lulu alifika. Walikuwa na uhusiano wa mapenzi, ambao watu wengi hawakuujua. Ukatokea ugomvi chumbani, uliohusu simu. Kanumba akaanguka, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 28.

Sikukuu ya Pasaka ya mwaka ule ilikuwa na huzuni Dar es Salaam. Jumanne, tarehe 10, watu maelfu kwa maelfu walijaa katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumwaga kijana huyo. Makamu wa Rais, Dk. Mohamed Gharib Bilal, alikuwapo. Watu walizimia, wakabebwa. Akazikwa katika makaburi ya Kinondoni.

Kesho yake Lulu alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, kwa shtaka la mauaji.

SWALI LAULIZWA

Kisutu iko katikati ya mji, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo ambako sidii zake zilikuwa zikiuzwa siku ile ile. Katika karatasi za mashitaka aliandikwa kuwa ana miaka 18. Mawakili wake wakasimama wakasema: hapana, huyu bado mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kuwa mtu ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto, na mashitaka ya mtoto yana njia yake. Wakaeleza kwamba alizaliwa tarehe 16 Aprili 1995.

Fanyeni hesabu wenyewe. Usiku ule wa Ijumaa Kuu alikuwa amebakiza siku chache tu kutimiza miaka 17.

Ubishi wa umri ukapanda kutoka Kisutu hadi Mahakama Kuu, na kutoka huko hadi Mahakama ya Rufani. Wanasheria wasomi, majaji na magazeti, wote sasa waliuliza lile swali. Nami najiuliza kwa nini halikuulizwa mapema zaidi. Msichana huyo alikuwa akionekana katika nyumba za nchi nzima tangu utoto. Tuliweza kuhesabu magauni yake. Miaka yake hatukuihesabu. Ninaposema sisi, najiweka na mimi ndani.

Siandiki hivi ili kumtia lawama marehemu, ambaye hawezi kujibu, wala kumfuta Lulu kila kosa. Walikuwapo mama wawili katika jambo hili. Mmoja alizika mwanawe wiki ya Pasaka. Wa pili alimwona binti yake akipandishwa karandinga. Mimi sitaki kupima machozi ya nani yalikuwa mazito zaidi.

Mshitakiwa wa mauaji hapewi dhamana, kwa hiyo Lulu alikaa mahabusu Segerea. Wengi wetu tunaijua Segerea kwa Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga, walikosomea mapadre wa majimbo mengi. Lakini Segerea ina gereza pia. Baadaye shtaka lilibadilishwa likawa la kuua bila kukusudia, ndipo mwishoni mwa Januari 2013 akatoka kwa dhamana, baada ya miezi zaidi ya tisa.

KAZI NA HUKUMU

Wengine wangalijificha. Yeye alirudi kazini. Mwaka ule ule wa 2013 ilitoka filamu yake "Foolish Age", jina la Kiingereza ambalo maana yake ni umri wa ujinga. Watu walinunua kwa wingi, wengine kwa upendo, wengine kwa kutaka kumwona tu yule wa mahakamani. Mwezi Machi 2016 alikwenda Lagos, Nigeria, na filamu yake "Mapenzi" ikapewa tuzo ya Africa Magic ya filamu bora ya Afrika Mashariki. Usiku huo huo Mtanzania mwenzake, Single Mtambalike, naye alipata tuzo. Waliporudi nyumbani walipokewa kwa furaha, maana tuzo kubwa kama hiyo si jambo la kila siku kwa filamu zetu.

Lakini shauri lilikuwa halijakwisha. Huo ndio mzigo wa dhamana: mtu anatembea, anafanya kazi, anacheka, na juu ya kichwa chake kuna tarehe isiyojulikana. Ilichukua zaidi ya miaka minne na nusu. Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu Oktoba 2017. Lulu alijitetea kwamba marehemu ndiye aliyempiga, kisha akaanguka mwenyewe, na kwamba yeye hakumsukuma. Tarehe 13 Novemba 2017 Jaji Sam Rumanyika alimwona na hatia ya kuua bila kukusudia, akamhukumu kifungo cha miaka 2. Sheria ingemruhusu kutoa hata kifungo cha maisha. Nje ya mahakama watu waligawanyika palepale: hawa wakisema ni kidogo mno, wale wakisema ni kingi.

Akarudi Segerea, safari hii akiwa mfungwa. Alikuwa na miaka 22.

Tarehe 12 Mei 2018 alitolewa, ili sehemu ya adhabu iliyobaki aitumikie nje kwa kufanya kazi za jamii bila malipo. Nawaeleza wasiojua: adhabu ya namna hii haikuwekwa kwa ajili ya wasanii. Sheria ya kutumikia jamii huwapa nafasi hata watu wasiojulikana, wenye vifungo vifupi, wafagie hospitali au wasafishe ofisi za serikali, badala ya kujaza magereza. Ugumu wake kwa mtu mashuhuri ni kwamba kila apitaye anamjua.

BIBI ARUSI

Baada ya hapo Lulu hakuonekana sana. Magazeti yaliyokuwa yakimfuata yalibaki na machache ya kuandika, na hilo, kwangu mimi, ni habari njema kuliko tuzo. Septemba 2018 alichumbiwa na Bwana Francis Ciza, ambaye wasikilizaji wa redio wanamjua kwa jina la Majizzo, mwenye kituo cha EFM. Wapo waliosema kwamba uchumba wa watu wa aina hiyo haufiki mbali.

Ulifika kanisani. Tarehe 16 Februari 2021 walifunga ndoa Dar es Salaam, arusi ambayo watu wengi walijua habari zake ilipokuwa imekwisha kufungwa. Hapakuwa na matangazo ya wiki nyingi, wala kamera zilizolala mlangoni. Yule aliyekuwa mbele ya macho ya watu tangu miaka 5 alipata siku moja ya kuwa na watu wake.

Filamu zake za zamani bado zinatazamwa. Sidii zimepungua Kariakoo, na watu sasa hutazama katika simu. Mara nyingine binti mdogo huko kijijini hukutana na kipande cha mchezo wa zamani, akamwona mtoto mdogo analia, akamwuliza mama yake huyu ni nani, na mama akashindwa aanzie wapi.

Siku ya ndoa, bwana na bibi huandika majina yao na umri wao. Lulu alikuwa na miaka 25.