Fidia kwa Kazi na Alama Zilizoigwa: Nani Hulipwa, na kwa Ushahidi Gani?

Mnunuzi wa soko la Mkuyuni, jijini Mwanza, anaponunua sabuni ya unga yenye nembo aliyoizoea na kubaini nyumbani kwamba ni bandia, watu wawili wamedhulumiwa kwa mara moja: yeye aliyetoa fedha yake, na mwenye alama ya biashara iliyoigwa. Wengi hudhani kwamba mwenye alama akishinda mahakamani, mnunuzi naye hufidiwa. Sivyo. Kila mmoja ana dai lake, na kila dai lina ushahidi wake. Tunaeleza hapa jinsi mahakama inavyopima fidia, ili mlaji, mfanyabiashara mdogo na msanii wasipoteze haki kwa kutojua.

Haki hizi huanzaje?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu anapoibuni kazi yake, hata kama hajaisajili. Kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) humsaidia kuthibitisha kwamba kazi ni yake.

Alama ya biashara ni tofauti. Chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, anayetaka kudai fidia kwa kuingiliwa alama yake sharti awe ameisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara pekee. Zanzibar ina mamlaka yake. Asiyesajili hubakiwa na dai gumu zaidi: kuthibitisha kwamba wateja wanaitambua bidhaa yake, na kwamba mdaiwa amewapotosha wadhani wananunua kwake.

Mahakama hupima nini?

Fidia mahususi ni hasara inayohesabika, kama vile mauzo yaliyopungua au ada ya leseni ambayo haikulipwa. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba fidia ya aina hii lazima itajwe bayana katika hati ya madai na ithibitishwe. Kusema tu "nimepata hasara kubwa" hakutoshi.

Fidia ya jumla ni ile ambayo hakimu au jaji huikadiria kwa busara yake, kwa madhara ambayo hayana risiti.

Kwa upande wa hakimiliki, sheria inaruhusu pia mdai apewe faida ambayo mkosaji ameipata kutokana na kosa lake. Endapo sifa ya mdai imeharibiwa, mahakama inaweza kuongeza fidia ya adhabu.

Mfano mashuhuri ni shauri la wasanii Mwana FA na AY dhidi ya kampuni ya simu ya Tigo. Wasanii hao walilalamika kwamba nyimbo zao "Usije Mjini" na "Dakika Moja" zilitumiwa kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe shilingi bilioni 2.16 za fidia mahususi na shilingi milioni 25 za fidia ya jumla. Kampuni ilikata rufaa, kwa hiyo kiasi hicho kisichukuliwe kuwa bei ya kila wimbo. Ni kipimo cha mahakama iliyosikiliza shauri kwanza. Hata hivyo, tazama uwiano wake. Sehemu kubwa kabisa ilitokana na hasara iliyodaiwa kwa hesabu, wala si makadirio ya uchungu wa moyo.

Hesabu hiyo ina uzito mwingine. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba kinachoamua mahakama ipi ina mamlaka ya kusikiliza shauri ni thamani ya dai la msingi, wala si fidia ya jumla. Anayetaja kiasi bila mpango anaweza kujikuta amefungua shauri mahali pasipostahili.

Mfanyabiashara mdogo ajihadhari

Kijana anayejaza nyimbo kwenye memori kadi za wateja kwa malipo, bila idhini ya wenye kazi, anaweza kudaiwa fidia kama inavyoweza kudaiwa kampuni kubwa. Kadhalika muuza duka anayeweka rafuni bidhaa bandia. Udogo wa biashara unaweza kupunguza hasara inayohesabika, lakini haufuti kosa. Nunua kwa msambazaji anayejulikana na utunze ankara zake.

Na mlaji je?

Fidia ya alama au ya hakimiliki huenda kwa mwenye haki. Bidhaa bandia zikikamatwa na kuteketezwa, mtaani panakuwa salama zaidi, lakini fedha ya mnunuzi hairudi kwa hilo peke yake. Mlaji anapaswa kulalamika kwa jina lake mwenyewe, kwa muuzaji kwanza na kisha kwetu, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda dhidi ya udanganyifu sokoni.

Kwa hiyo tunamshauri kila mnunuzi:

1. Adai risiti hata kwa bidhaa ya bei ndogo.
2. Asitupe kifungashio, nembo, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda ni ushahidi.
3. Apige picha ya bidhaa na kuandika siku, duka na bei.
4. Akidhurika, aende kituo cha afya na kutunza karatasi za matibabu na gharama zake.

Mali bila daftari huisha bila habari, na dai bila ushahidi huisha vivyo hivyo. Risiti unayoiacha leo juu ya meza ya muuzaji ndiyo ambayo kesho utaulizwa iko wapi.